Alama za Namalwa

Swali la pili: Jadili kejeli katika hadithi.
Insha arobaini na tatu, kalamu nyekundu moja,
na mvua ya Webuye imeanza kupiga bati
kabla sijamaliza rundo la kwanza.

Khaoya anaandika: "Mheshimiwa ni kiongozi bora
kwani alikata utepe wa bomba la maji."
Lakini Khaoya, bomba lilikuwa kavu!
Kilicholowa ni utepe, kwa jasho la mheshimiwa.
Napiga mstari. Nne kwa ishirini, na moja ya huruma.

Mukhwana amemeza daftari zima:
"Kejeli ni mbinu ya kukosoa kwa kicheko,"
neno kwa neno, hata kosa langu la ubaoni
amelinakili kwa mwandiko wa kupendeza.
Kumi na nne. Mwongozo ndivyo usemavyo.

Kisha Namalwa, nusu ukurasa, wino wa kuazima:
"Mwalimu, mimi hapa sioni kejeli.
Kwetu utepe ulikatwa hivi hivi,
mama akapiga makofi, mtungi miguuni,
tukarudi nao mtupu, tukiimba.
Mwandishi hakukejeli. Alikuwepo."

Nimeupekua mwongozo mbele na nyuma:
hoja, alama mbili; mfano, alama mbili.
"Alikuwepo" haina safu.

Nikatoka kunawa wino.
Bomba la walimu likakohoa mara moja,
likanyamaza,
na mvua inamwagika bure uani.
Nilicheka, kisha nikaacha.

Nimerudi na vidole vyekundu.
Kumi na nane, nimeandika.
Halafu, pembeni, kwa herufi ndogo:
Nione. Uniambie wimbo gani mliimba.