Alama Kati ya Arobaini

Tulipigwa thelathini na moja kwa kumi na tisa
kule Tororo, chini ya ule mwamba wao
uliosimama kama mzazi aliyekuja kumshangilia mwanawe tu.
Kipa nilikuwa mimi. Nalisema hilo mapema,
maana Kakamega nitaulizwa,
nami nitajibu kwamba jua lilikuwa machoni.

Jua lilikuwa mgongoni.

Walimu kumi wa mpira wa pete, wote tumevuka arobaini,
magoti yamefungwa bandeji za sanduku la shule,
jioni tukarudi kwa miguu juu ya daraja la Malaba,
basi limekwama nyuma ya malori,
na mfuko wa mipira unagongana ndani kwa ndani.
Afisa wa forodha akauinua, akautega sikio.
"Mwalimu, mipira ya huko ina shingo?"
Muhonja, mtu wa hisabati,
ambaye hajawahi kukosa jibu hata pale asipojua swali:
"Ndiyo sababu tumeshindwa."
Akatupisha.

Hoteli ya upande wetu ina meza za plastiki
na televisheni inayosoma habari bila sauti.
Nyadoi, nahodha wa waliotupiga, alikuwa amevuka nasi
kwa kitambulisho na kandambili, aje asimamie haki.
Mezani chupa yao, yenye jina la mto.
Mezani chupa yetu, yenye kichwa cha ndovu.
Wote wakanigeukia.
Mimi nina sukari. Daktari alinifunga mdomo Januari,
tangu hapo ni turungi kavu na kumbukumbu.
"Ndiyo utufae," akasema Nyadoi. "Hakimu hanywi na mshtakiwa."

Basi nikatoa kalamu nyekundu.
Nimesahihisha insha miaka kumi na tisa,
alama kati ya arobaini,
na bia, kama insha, hujisema katika sentensi ya kwanza.

Ya ndovu ilifunguka kwa mlio mkavu. Utangulizi safi.
Povu wima, hati nadhifu, pambizo imeachwa.
Ila Ayuma alipofika chupa ya pili
akaanza kurudia aya ileile
ya shemeji yake na ng'ombe aliyeuzwa mara mbili.
Msamiati finyu. Ishirini na nane.

Ya mto ilifunguka taratibu, kama mtu mwenye siri.
Khayanga akameza, akanyamaza.
Akasema ina kitu kule mwishoni,
kama methali uliyoachiwa bila maana yake.
Kisha akalia.
Akasema ni mahindi yaliyonyauka. Halafu akasema ni mama,
aliyezaliwa ng'ambo ile, akaolewa ng'ambo hii,
akazikwa na hati ya kuvukia imo pochini,
muhuri wa mwisho ni wa kuingia. Wa kutoka haupo.
Mguso upo. Hitimisho limepotea. Ishirini na nane.

"Sare?" Muhonja akapiga meza.
"Tumekodi basi kuja kutafuta sare?"

Amoit wa Amagoro, aliyekuwa kimya tangu kipenga cha kwanza,
akatoka. Akarejea na shangazi yake,
na shangazi na chungu, na chungu na mirija,
mirefu kama fimbo za kuchungia.
Wimbi uliochachuka, maji ya moto juu yake,
mvuke, harufu ya ghala lililofunguliwa baada ya mvua.
Nyadoi upande huu, Muhonja upande huu,
vichwa vinakaribiana hadi vitambaa vikagusana,
na hakuna aliyetaja yale mabao.

Nikauliza, maana kazi ni kazi:
"Shangazi, hii ni bia ya nchi gani?"
Akaongeza maji. Akafikiri.
"Ya Jumamosi."

Nikaifunika kalamu.
Mrija mmoja ulikuwa umebaki, umeegemea ukingo, hauna mtu.
Sikunywa. Niliushika tu, usianguke.
Na daktari akiniuliza yale matokeo ya vipimo,
nitamwambia jua lilikuwa machoni.

Ilikuwa saa tatu za usiku.