Kiganja cha Nyongeza

Ng'washi, nesi wa kliniki ya moyo,
ameshika fomu na kalamu ya bluu:
"Wiki mbili hizi, umekosa raha mara ngapi?
Hata mara moja, siku chache,
zaidi ya nusu, au karibu kila siku?"

Mimi nimepima dagaa mwaloni Kirumba
miaka kumi na tisa, kwa sado, kwa debe,
na kiganja kimoja cha nyongeza.
Navijua vitu vinavyogoma kipimo.

Moyo upi, nesi?
Ule mliouona kwenye picha,
umetanuka kama mfuko wa rambo wenye maji?
Au huu unaoniamsha saa tisa usiku,
nimeegemea mito mitatu,
nawaza nani atamlipia Holo ada?

Maji yenyewe nimepimiwa: vikombe sita kwa siku,
na ziwa lote lile mlangoni.
Hiyo nayo ni siku chache?

Kalamu imesimama.
Ananitazama miguu iliyovimba, halafu uso.
Anavuta kiti, anakaa.

"Andika mbili," namwambia,
"halafu weka
na kiganja cha nyongeza."