Funguo za Stoo

Sista Ediltruda, mzaliwa wa Peramiho,
alifika Mukuru na Kiswahili kirefu kama kanzu.
Alitufunza kuamkia, "Shikamoo";
tukamjibu, "Poa."
Alicheka mpaka akakalia debe la mafuta.

Alfajiri, kabla ya rozari, alihesabu vikombe:
hamsini na vitatu, kimoja hakina mkono.
Uji aliukoroga mwenyewe,
akilaumu mkaa, akilaumu bei ya sukari.
Mungu hakumlaumu,
angalau si mbele yetu.

Masika, mto Ngong ulipopanda hadi mlangoni,
tulisoma juu ya meza, miguu tumeikunja kama kuku,
yeye chini majini,
gambuti za kuazima, chaki mfukoni,
akituuliza saba mara nane
kana kwamba nje kunawaka jua.

Nilimwibia mara moja. Kilo ya sukari,
chini ya sweta, tumbo limenichomoza.
Aliniona. Akanifungulia lango,
akaniambia nimsalimie mama.

Kesho yake akanivisha shingoni uzi wenye funguo:
"Wewe ndiye unayejua sukari inakaa wapi.
Basi itunze."

Nilikuwa na miaka tisa.
Usiku nilizilalia ubavuni, zikinifinya,
na mama akauliza ni hirizi gani hiyo.

Januari shirika likamhamisha.
Alipanda basi na begi moja na ule mwiko.
Katika kuagana, nani angekumbuka funguo?
Ninazo mpaka leo.
Kufuli lenyewe walishalibadilisha.