Kidole cha Sita

Tulimkuta chini ya kiyoyozi,
pale ukutani panapodondoka maji mchana kutwa,
mahali pekee penye unyevu mtaa mzima wa Mawaleh,
mwezi wa Julai, saa nane, jua limeshika bakora.
Alikuwa akilamba saruji.
Mgongoni viraka vitatu, upara wa mviringo,
magamba ya kijivu kama majivu ya ubani,
na sikio moja limelika ukingoni
kama mkate ulioonjwa na panya.

Dada yangu Shinuna akasema, usimlete ndani.
Akasema kwa Kiswahili, akarudia kwa Kiarabu,
ili majirani nao wawe mashahidi:
harusi ya Raihana imebaki wiki tano,
mazulia ndiyo kwanza yametoka kwa dobi.
Nikasema, sawa.
Nikamleta ndani.

Mguu wa mbele wa kushoto hakuukanyaga.
Nikahesabu vidole, nikarudia, nikavaa miwani.
Sita.
Pembeni, pasipo na kazi, kimeota cha ziada,
na ukucha wake, kwa kuwa haukwaruzi kitu,
haukupata wa kuupunguza.
Umepinda, umezunguka, umerudi nyumbani,
ukaingia katika nyama yake mwenyewe.
Miaka thelathini nimefanya kazi ya simu;
waya uliojifunga nimeuona mwingi,
lakini hautoki usaha.

Daktari Biju ana zahanati ya wanyama
kati ya kinyozi na duka la matairi.
Kiarabu chake kimevunjika, changu kimeungwa gundi,
tukaelewana.
Akazima taa, akawasha nyingine, ya zambarau,
na humo gizani unyoya mmoja mmoja ukawaka kijani,
kijani cha tufaha bichi,
mgongoni, shingoni, hata kwenye masharubu.
Ngozi nzima ilibaki gizani,
haina la kuonyesha.
Sijapata kuona maradhi yamevaa vizuri vile.
"Choa," akasema. "Na kinaambukiza. Osha mikono."

Ukucha aliukata kwa mkasi usiozidi kidole gumba.
Tik.
Akauvuta kwa kibano, polepole,
na yule mdogo, aliyekuwa kimya muda wote,
alilia ulipokwisha kutoka.

Basi tukaanza: dawa kwa bomba asubuhi,
maji ya salfa mara mbili kwa wiki,
nyumba ikanuka mayai viza,
Shinuna akachoma udi, ikanuka mayai viza yaliyofukizwa.
Nilimfungia stoo. Blanketi nikalichemsha.
Sikujua kwamba usiku, mimi nikishalala,
bibi harusi alikuwa akishuka peku
kumlaza mkononi.

Siku kumi kabla ya akdi akakunja mkono wa kanzu.
Juu kidogo ya kifundo: duara jekundu,
ukingo umeinuka, katikati pamepoa.
"Ami," akaniambia, "pete imetangulia."
Mimi nilicheka. Mama yake hakucheka;
siku tatu alinipakulia chakula bila chumvi
na hakunisemesha neno.

Bi Ghalya mpaka hina alikuja kutoka Sur na koni zake.
Akaushika mkono, akausogeza dirishani.
"Hapa sipaki," akasema,
na kweli hapo hakupaka.
Alizungusha matawi, majani, vikonyo vyembamba,
akaacha nafasi tupu ya sarafu ya baisa hamsini,
na duara likakaa humo, limetiwa dawa,
kama kisima kwenye bustani ya mtu.
Wageni walidhani ni mtindo.
Kufika Desemba, wasichana wawili wa Sib
walimpigia simu wakiuulizia.

Sasa manyoya yameota, meupe kidogo penye viraka.
Jina lake Baisa. Nikimwita kwa Kiarabu haitiki.
Nikimwita kwa Kiswahili haitiki vilevile.
Kila Ijumaa ya pili, nikitoka msikitini,
namweka mapajani, nabonyeza kile kidole,
ukucha unachomoza kama mwezi wa siku moja,
nao naukata.
Huo tu.
Ile mingine sijaigusa,
na mikono yangu ndiyo ushahidi.