Kabla ya Juzuu ya Kwanza

Juzuu tisa, miaka ishirini na sita,
na kisanduku cha viatu nilichorithi kwa mhariri aliyenitangulia.
Humo mna kadi, kila nafsi na yake.
Vaskel: jicho moja, la kushoto, rangi ya risasi.
Lango la Majivu hadi kivukoni: siku tatu kwa farasi,
nne kukiwa na matope.
Kazi yangu ni kumkumbusha Ilgvars aliyoyasema
alipokuwa bado na nywele.

Sasa ana miaka themanini na moja. Anakaa
karibu na kituo cha mwisho cha tramu, hapa Liepāja,
ambako upepo wa Baltiki hupiga hodi
na hausubiri karibu.
Wasomaji walimdai juzuu ya kumi.
Yeye akarudi nyuma, miaka hamsini kabla ya ile ya kwanza,
akaniletea kurasa ndani ya mfuko wa mkate,
makombo yamenasa kati ya aya.

Nikafungua. Vaskel ana miaka tisa.
Msaliti wetu, yule aliyefungua lango usiku,
tukamlaani kwa lugha kumi na nne za tafsiri,
ana macho mawili na pengo la jino,
na anamtekea mama yake maji.

Sikuwa nimejiandaa.
Najua jicho litakwenda wapi. Najua hadi ukurasa.
Nataka kumwambia, usiupande ule ukuta, mwanangu,
lakini kalamu yangu ni ya risasi,
imeruhusiwa nukta na mkato tu.
Majuto ni mjukuu;
humu hata babu hajaoa.
Maji yakimwagika hayazoleki;
humu mtungi ungali kichwani, umejaa pomoni,
na mtoto anapiga mluzi.

Sura ya kumi na saba ndipo nilipomnasa mzee.
Kengele ya Heldra inalia.
Nikaenda kisandukuni. Kadi, mwandiko wa marehemu:
*Ilipasuka ingali kwenye kalibu. Haijawahi kulia.
Juzuu ya pili, uk. 214.*
Na maneno yaliyochongwa ukingoni mwake,
ambayo kila msomaji anayajua kwa moyo:

    Niliyeumbwa na moto,
    sauti sikujaliwa;
    kimya changu ni kizito,
    kisikieni, wafiwa.

Nikaandika pambizoni: *Haiwezi kulia.*
Nikapanda tramu kumpelekea mwenyewe,
theluji ya Machi imekuwa uji barabarani.
Nilimkuta akichambua samaki wa moshi juu ya gazeti la juzi.
Visahani viwili.
Austra alifariki juzuu ya sita ikiwa kiwandani;
ndiyo maana ile ina makosa mengi ya chapa,
hakuna aliyethubutu kumtumia.

Akasoma. Akafuta vidole, kimoja kimoja.
"Skaidrīte," akasema, "ile ya pili niliiandika nikiwa kijana.
Nilidhani kimya ni kitu kizuri."
Akanimiminia chai
katika kikombe ambacho sikuuliza ni cha nani.

Barua zitakuja. Yuko kijana wa Daugavpils
anayehesabu hata kwato.
Yuko mwalimu wa fizikia kule Tukums,
hutumia wino mwekundu, hana salamu.
Wataandika: kosa. Watakuwa wamesema kweli,
na jina langu ndilo litakalokuwa pale nyuma ya jalada,
kwa herufi ndogo.

Usiku nimelifuta swali langu kwa raba.
Mtoto anautua mtungi. Anageuza shingo.
Mama yake yuko mlangoni, mkono una unga,
wote wawili wameduwaa kama watu walioitwa majina yao
na mtu wasiyemwona.
Sikugusa hata mkato.

Kisha nimeichukua kadi ya kengele,
na chini ya mwandiko wa marehemu
nimeongeza neno moja, bila nukta:

lakini