Upana wa Kiganja

Kikao cha thelathini kiliangukia Jumatano.
Fundi wa mashine, kijana wa Bahla,
alinivua kile kinyago cha plastiki, akasema, "Hongera, shangazi."
Matundu yake yalibaki shavuni
kama nimelalia mkeka.

Nywele zilikuwa zimeondoka tangu wiki ya tatu.
Si zote. Mionzi ina adabu zake:
huchukua pale ilipoingilia.
Nyuma ya sikio la kulia pakabaki uwanja,
upana wa kiganja cha mtoto,
unang'aa kama kipande cha sabuni.

Dawa ya moto ni moto. Hiyo naijua.
Hakuna aliyenimalizia:
na majani yaliyokuwa katikati?

Dada yangu Shinuna, kwake Al Khoudh,
ananimiminia chai, hata hanitazami:
"Si unajitanda wewe? Nani atakuona?"

Mimi, Shinuna. Alfajiri, nikitawadha,
mkono wa maji ukipita kichwani
unateleza pale ulipozoea kukwama.

Dokta Ibtihal, Msudani wa sauti ya chini,
aliniambia kwanza ningoje. Miezi sita, hata mwaka:
shina lililolala huamka lenyewe.
Nikangoja. Ukapita Ramadhani, likapita joto la Julai.
Niliporudi akapapasa kwa kidole, polepole.
"Hapa pembeni wamelala," alisema. "Hapa kati..."
akanyamaza kidogo, "hapa kati ni kovu."

Akageuza risiti, akanichorea.
Minoksidili, asubuhi na jioni, miezi na miezi;
huwasaidia wa pembeni, kovu halisikii,
na ukiacha wewe, na zenyewe zinaacha.
Au kupandikiza: shina mojamoja kutoka kisogoni,
kama miche; ila ardhi iliyopitiwa na moto
damu yake haba, miche mingine hufa,
kwa hiyo tutaanza na michache, tuone.
Au puto chini ya ngozi nzima,
tulijaze maji wiki baada ya wiki
mpaka ngozi yenye nywele itanuke, tuivute ifunike.

Puto! Nilicheka mpaka nesi akachungulia.
Dokta, humu kichwani
nimeshafuga vya kutosha.

Majirani nao wana hospitali yao.
Habbasoda. Asali ya Rustaq. Majani ya mkunazi
ya kuoshea, hayo dokta ameyaruhusu.
Wifi yangu alikuja na kitunguu kilichosagwa;
nilimwambia akatie kwenye mchuzi.

Ruwi nilinunua bandia, riyali themanini na tano.
"Nywele za mtu kabisa," alisema muuzaji, kwa kujivuna.
Za mtu gani, hakujua.
Yuko mwanamke mahali, kichwa chepesi,
hana habari kwamba Ijumaa hii
amealikwa harusini Barka.

Ukumbi wa wanawake. Simu zimeachwa mlangoni,
mitandio imeshuka, kila kichwa kimetoka saluni.
Hapa ndipo, Shinuna. Hapa ndipo ninapoonekana.
Kiyoyozi kikakohoa, kikafa.
Nilivumilia nyimbo mbili.
Ya tatu nikaivua ile bandia, nikaiweka mapajani
kama paka wa watu.

"Kipara ngoto!" kitoto cha meza ya pili.
Mama yake akamfinya. Nikasema mwache,
njoo, jina lako nani? Rahma? Mathla?
"Mathla." Njoo ushike.
Akaweka kiganja. Kikaenea, sawasawa,
hakikuzidi hata ukucha.
"Pa baridi," akasema,
akabaki hapo, mkono juu yangu,
akiwatazama wanaocheza.

Nimerudi nyumbani saa saba usiku.
Miche nimeiambia ingoje mpaka Oktoba.
Nimevuta dawa hadi kwenye mstari wa kibomba,
nimepaka ukingoni, nimeshika kioo nyuma ya kioo.
Zipo saba.
Jana nilihesabu tisa.
Labda ni taa.