Nambari Arobaini na Saba

Katika orodha ya Bwana Zhuang hana jina.
Ni Nambari Arobaini na Saba: kijana wa kofia nyekundu,
udi mapajani, karatasi ya muziki mkononi,
sentimita hamsini kwa sitini, siku mbili,
tatu mvua ikinyesha, maana Xiamen ikilowa
rangi ya mafuta hugoma kukauka.

Alikufa Italia, wanasema, yapata miaka mia tano.
Mimi nimemzaa mara mia tatu na kumi na mbili.
Mama yake hakupata taabu hiyo.

Watu hudhani unaanza na uso.
Unaanza na giza, kahawia na nyeusi kidogo,
kisha unamtoa humo polepole
kama umtoavyo mtoto usingizini siku ya shule:
paji, ncha ya pua,
ule mdomo ambao ama unakaribia kuimba
ama umekatazwa.
Jicho la kushoto hunichelewesha.
Linamtazama mtu aliyesimama nyuma yangu,
na nyuma yangu pana feni na kalenda ya benki, basi.

Udi huu haufuki moshi wala hautoi sauti.
Nyuzi nazipiga kwa brashi ya nywele tatu,
pumzi nimeibana,
na hakuna jirani aliyewahi kulalamika.

Nota ni kumi na tisa
(noti ninazolipwa hazifiki hapo).
Ya ishirini imefunikwa na kidole gumba.
Mimi sizisomi. Nazipanga kama sisimizi
waliosikia habari za sukari:
kichwa, mguu, kichwa, mguu.
Ile kadi niliyoanza kunakilia ilimwagikiwa chai
mwaka Peishan alipoanza kutambaa;
tangu hapo namnakili kijana kutoka kwa kijana,
wa leo kutoka kwa wa juzi.

Mwezi wa tisa alishuka Mwalimu Kang,
yule wa ghorofa ya tatu
anayefundisha kinanda watoto wasiokitaka.
Alikuja kudai mwavuli wake.
Vijana saba walikuwa ukutani wakikauka, kofia saba,
naye akasimama mbele yao, mwavuli kausahau,
akaanza kuimba puani.
Akahamia wa pili. Akarudi kwa wa kwanza.
"Shuzhen," akasema, "hawa hawaimbi wimbo mmoja."

Akaitafuta picha ya asili kwenye simu, akaikuza
hadi sisimizi wakawa wakubwa kama maharage.
"Tazama. Nota ya tano, yeye anashuka.
Wewe unapanda.
Hapa yeye anapumzika, wewe humpumzishi mtu."

Niliona haya kama mpishi aliyesikia mgeni
akiomba maji mara ya tatu.
Kosa moja haliachi mke, najua,
lakini makosa mia tatu?

Akachukua mwavuli, akaenda.
Usiku, nikiosha brashi, nilisikia kupitia darini
kinanda kikitembea kwa uangalifu
kama mtu anayevuka mfereji kwa kukanyaga mawe:
kinashuka, kinapanda pale nilipopandisha mimi,
hakipumziki,
kikifika ya kumi na tisa kinanyamaza.
Kikaanza tena. Kikanyamaza palepale.
Nilisimama na tambara mkononi, mafuta yakinichuruzika
mpaka kwenye kiwiko.

Kwa huyu wa mia tatu na kumi na tatu
nilikisogeza kidole gumba
kwa unene wa punje ya mchele.
Chini yake nikaweka sisimizi mmoja.
Sikumuuliza Mwalimu Kang.
Nilimweka juu kidogo, halafu nikamfuta,
halafu nikamweka chini, karibu na ukucha,
mahali ambapo mkono wangu ulikuwa umechoka.

Bwana Zhuang alikagua kofia, akakagua fremu,
akapiga muhuri.
Kijana amekwenda Rotterdam, kwa daktari wa meno,
chumba cha kusubiria.
Jicho la kushoto sasa lina mtu wa kumtazama.